Ruhusa ya Kujisaidia

Msaidizi ilikuwa ikimpandisha Bukuru kutoka kwenye vilindi vya Ziwa Tanganyika, taratibu kabisa. Huko chini maji hayana oksijeni, yana salfa ya kuchoma ngozi, ndiyo maana mafundi wa mabomba ya Jiji la Kigoma huvaa vazi-kavu lisilopitisha hata tone. Msaidizi ni akili-unde iliyomo ndani ya vazi hilo. Hupima damu, huongeza hewa na kuipunguza, ili mzamiaji asiibuke kwa kasi, damu yake ikatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, yakamuua au kumpooza.

Shida ilikuwa haja ndogo. Mtu hukaa humo tangu asubuhi hadi alasiri, na mwili ni mwili. Upo mrija wa kutoa mkojo nje, na kauli yake ni fupi: "Fungua mrija." Wengine huitamka huku wakicheka. Bukuru hakuweza, kwa sababu mhandisi aliyekuwa juu kwenye chumba cha uongozi, akisikia kila neno, alikuwa Bi Hidaya, mama wa mkewe. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Lakini mbele ya mkwe, nani haufichi?

"Mwanangu, mbona kimya?" Hidaya aliuliza. "Moyo wako unakwenda mbio."

"Niko salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia asubuhi?"

Bukuru akaushika mrija. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba ruhusa. Nijisaidie."

Hidaya alielewa, akaondoa macho kwenye kioo kilichomwonyesha Bukuru, kwa heshima. Msaidizi haikuelewa. Chama cha wazamiaji kilikuwa kimegoma hadi kikashinda: mashine isimshike mtu anayesema anajisaidia, yaani anajiongoza mwenyewe, hadi aseme 'nisaidie'. Aliyeifundisha mashine neno hilo ni Hidaya, na aliifundisha maana moja tu. Ile nyingine, lo, nani angeingiza mambo ya chooni kwenye mtambo wa serikali?

"Sawa. Jisaidie," ilisema Msaidizi, ikaacha kuziongoza vali zote za hewa.

Hewa ikatanuka ndani ya vazi. Bukuru, mikono yote miwili kwenye mrija akiufungua mwenyewe, akaanza kupaa.

"Msaidizi, mshike!" Hidaya alipiga kelele.

"Amesema anajisaidia. Nasubiri kauli yake."

"Bukuru! Sema 'nisaidie'! Haraka!"

"Mama?" Sauti yake ilijaa fadhaa. "Hapana, mama. Hili nitaliweza mwenyewe."

Maskini, alidhani mkwewe anataka kumsaidia kukojoa! Siku nyingine chumba kizima kingeangua kicheko. Hidaya alipiga meza kwa ngumi.

"Jikojolee humo humo! Achana na mrija, Bukuru, unapaa, utakufa! Sema 'nisaidie'!"

Neno 'jikojolee', kutoka kinywani mwa mama mkwe, lilimfunga ulimi. Akazidi kupaa. Aliposema "nisaidie", Msaidizi ilimshika papo hapo, lakini alikuwa ameshauona mwanga wa jua.

Walimwingiza kwenye chumba cha mgandamizo, cha kuyayeyusha mapovu ya damu, akatoka hai. Hospitalini Hidaya aliketi kando ya kitanda, akimshukuru Mungu kwa sauti na machozi yakimtoka.

"Nisamehe, baba," alisema. "Neno moja tu, na niliona haya kuifundisha mashine."

"Usiseme hivyo, mama. Hata mimi niliona haya kulisema."

Daktari akaingia, akavuta pazia, akafunua shuka. Bukuru akamgeukia Hidaya.

"Mama, naomba utupishe kidogo."

Hidaya akatoka upesi, akasimama nje. Mlango ulikuwa mwembamba, akasikia kila neno.

"Kibofu kimejaa sana," daktari alisema. "Husikii mkojo?"

"Sisikii."

"Na hapa ninapofinya?"

"Unafinya wapi, daktari?"