Kucha za Chuma

Jumamosi ile jengo la maduka lilikuwa limefurika watu, na redio za maduka matatu zilikuwa zikishindana, kila moja na wimbo wake. Mkutubi alisimama mbele ya kibanda cha ala za muziki, gauni lake la kijani limenyooshwa kwa pasi, akanong'ona kama anavyonong'ona kazini kwake maktabani.

"Naomba kucha."

Muuzaji alimtazama vidole. "Dada yangu, saluni iko ghorofa ya juu."

"Za kupigia banjo."

"Ya kaka yako?"

"Yangu."

Wateja wakageuka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini hakubandua mguu. Tangu chuoni alikuwa akipiga banjo kwa vidole vitupu, chumbani, mlango umefungwa. Sasa bendi moja ilikuwa imemkubali, na kwenye mazoezi ya kwanza ngoma na tarumbeta zilimmeza mzima mzima. Hakusikika hata na yeye mwenyewe.

Muuzaji akamwaga kucha kwenye sahani. Kila moja ilikuwa pete ya kuvaa kidoleni, yenye ulimi unaofunika nyama ya ncha ya kidole. Mkutubi alijaribu za plastiki kwenye banjo ya dukani: zilitoa mgongano mkavu, kama anayegonga meza. Alijaribu za shaba: tamu, lakini laini mno. Akavaa za chuma cha pua. Mlio ukaruka juu ya redio zote tatu, mkali, mweupe, na watu wakageuka tena. Safari hii alitabasamu.

Shida ilikuwa moja: zilitengenezwa kwa vidole vya wanaume. Moja ilimchomoka, ikaviringika, ikagota kwenye kiatu cha kijana aliyevaa shati jeupe lenye vumbi la plasta.

"Hii imekukimbia au umeitupa?"

"Imekimbia."

"Basi lete kidole tuifunge." Akatoa koleo ndogo mfukoni.

"Koleo ya nini hiyo?"

"Ya kutengenezea meno ya bandia."

Mkutubi akaurudisha mkono mgongoni. Kijana akacheka. "Usiogope, sing'oi meno. Mimi nayatengeneza tu, anayeng'oa ni daktari. Ila chuma nakijua."

Alizipinda pete moja moja, taratibu, akimuuliza kila mara, "Inabana? Inalegea?" Ya dole gumba, ambayo hata kwenye seti ya chuma huwa ya plastiki, aliomba maji ya moto kwa mama wa chai, akaitumbukiza mpaka ikalainika, kisha akaikaza. Alipomaliza, kucha zilimkaa Mkutubi kama amezaliwa nazo.

"Una vidole vidogo," alisema, bado ameshika mkono.

"Na wewe una maneno mengi."

"Nipe namba ya simu, niyapunguze."

Alimpa. Mapenzi yakaanza hivyo, na simu zikafuata kama mvua za masika.

"Bibi Makucha, umelala?"

"Napiga banjo."

"Weka simu karibu nisikie."

"Utaumwa kichwa, laazizi."

"Kichwa changu, maumivu yangu. Piga."

Jioni moja yule kijana, fundi wa meno, alimfuata kwenye ukumbi wa mazoezi. Mkutubi alikuwa ndani akifunga banjo yake, na kiongozi wa bendi, mwanamume wa suti ya kung'aa na viatu vyenye ncha, akamvuta fundi wa meno pembeni.

"Ndugu yangu, huyu mwenzako anajua kupiga. Lakini hizo kucha! Msichana anatakiwa apige laini, atabasamu, apendeze pale nyuma. Akiendelea hivi nitamtoa."

Fundi akaondoka na maneno hayo moyoni. Hakumwambia Mkutubi. Hapo ndipo alipokosea, maana siku ya pili pete moja ililegea, akaachiwa kucha azikaze, naye akakaa nazo kwenye meza yake ya kazi, akazifikiria mpaka akajishauri vibaya. Alichukua ile plastiki ya waridi inayotumika kutengeneza fizi, akazipaka ndimi za chuma tabaka jembamba, akazing'arisha. Zilipendeza kama pipi. Akazifunga kwa karatasi laini, akampelekea kazini, akijiona amemwokoa mpenzi wake.

Mkutubi alizifungulia mazoezini, dakika ya kupiga imeshafika. Alivaa, akapiga, na banjo ikatoa sauti ya mtu anayeongea na blanketi mdomoni.

"Ahaa!" Kiongozi alipiga makofi. "Sasa hiyo ndiyo sauti ya mwanamke! Mwambie mchumba wako ahsante. Nilijua atanielewa."

Mkutubi akazivua kucha. Alitoka nje hata kabla wimbo haujaisha, akapiga simu.

"Uliongea na kiongozi?"

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Uliongea naye, ndiyo au hapana?"

"Yeye ndiye aliongea. Alisema atakutoa. Niliogopa. Najua unavyoipenda ile nafasi."

"Kwa hiyo ukanifunga mdomo."

"Si mdomo, ni vidole tu..."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja! Maisha yangu yote watu wananiambia nipunguze sauti. Nyumbani, shuleni, kazini ndiyo nalipwa mshahara kabisa ninyamaze. Kitu kimoja tu kinapiga kelele kwa niaba yangu, na wewe umekivalisha fizi!"

Akakata simu. Ikaita, akaitazama ikiita. Ikaita tena, akaizima.

Kesho yake alirudi kibandani peke yake. Hakunong'ona. Alichagua chuma kinene kuliko cha kwanza, na hakumsubiri fundi yeyote: alizipinda kwa kuzizungushia kwenye kalamu, na ile iliyogoma akaiuma kwa magego mpaka ikatii.

Bendi ilikuwa imealikwa kupiga kwenye hafla ya mchana ya kampuni moja ya bima. Mkutubi alifika amevaa gauni jekundu ambalo mama yake alisema ni la watu wasio na haya. Nyuma ya jukwaa, kiongozi aliziona kucha.

"Za waridi ziko wapi?"

"Kwenye pipa la taka."

"Basi hupandi."

"Nitapanda. Mpiga banjo mwingine huna."

Kiongozi akaangalia saa, akasonya, akaondoka. Mkutubi alikuwa bado anakaza kucha vidoleni alipomwona fundi wa meno mlangoni, macho mekundu kama hakulala.

"Sijaja kujitetea," alisema. "Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa namsaidia yeye. Sikukuuliza, na kidole ni chako. Nisamehe."

Mkutubi akakaza kucha ya mwisho. "Atanitoa leo."

"Najua. Unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu. Kaa mbele."

Fundi akaziangalia kucha mpya. "Nani alikupindia?"

"Mimi. Kwa meno."

"Kwa meno?! Mama yangu! Kazi yangu yote ya..."

"Nimekuambia usiseme kitu."

Alikaa mbele. Watu walikuwa wakila na kuongea, migongo imeelekea jukwaani. Wimbo wa pili ndipo banjo ilipoingia, na iliingia kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Uma zikasimama hewani. Mzee mmoja akaziba masikio. Mama mmoja mnene akasukuma sahani, akaanza kutikisa mabega. Kiongozi alimpungia mkono: shusha, shusha! Mkutubi akasogea mbele ya jukwaa, nafasi ambayo hakupewa, akaongeza. Mpiga ngoma akacheka, akamfuata. Wapo waliopiga makofi, wapo waliolalamika kwa wahudumu. Ila hakuna hata mmoja ambaye hakumsikia.

"Kesho usije," kiongozi alisema pazia lilipofungwa.

"Sikuwa nakuja."

Wakatoka kwa mlango wa jikoni, Mkutubi na fundi wa meno, banjo begani, mpaka kwenye uchochoro wenye kreti za chupa tupu na jua la alasiri. Hapo machozi yakamtoka, maana nafasi ile aliipenda kweli. Fundi hakumwambia anyamaze. Alimsubiri alie mpaka akatosheka.

"Chumba changu kina kuta nyembamba," alisema hatimaye. "Majirani wangu ni wakali. Mama yangu akija anakaa mwezi mzima, na anapenda utulivu."

"Kwa nini unaniambia hayo?"

"Kwa sababu nataka nikuoe, na nataka ujue utakaowaudhi."

Mkutubi akafuta uso kwa kiganja. "Nitapiga kabla ya chai ya asubuhi."

"Piga."

"Na mama yako akikasirika?"

"Nitamtengea kiti karibu, asikie vizuri."

Mkutubi akacheka, pua bado imeziba. "Ndiyo, nimekubali. Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Akaketi juu ya kreti, gauni jekundu likamwagika vumbini, akavaa kucha na kuupiga tena ule wimbo wa pili, wote, tangu mwanzo. Ghorofani dirisha likafunguliwa kwa kishindo.

"Nyie huko chini! Kelele!"

Mkutubi akainua uso, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kinywani mwake.

"Funga dirisha!"