Mchicha wa Kando ya Mtaro

Chiriku na mama yake walikuwa wakimwagilia mchicha kwa maji ya mtaroni, kama kila asubuhi, mara akatokea mwanamke wasiyemjua, amevaa buti za mpira. Alikuwa mpimaji kutoka ofisi ya afya.

"Mama, juzi nilinunua mchicha wako sokoni nikaupima. Una madini ya risasi, tena mengi."

"Mchicha wangu? Tunauosha kwa chumvi mara tatu!" mama alifoka.

"Hata ukiuosha haitoki. Risasi inapanda na maji kupitia mizizi, inakaa ndani ya jani. Ukichemsha, bado imo. Inadhuru figo na kuharibu ubongo wa watoto polepole. Mjamzito akiila, humfikia mtoto tumboni."

Mama aliweka ndoo chini. "Basi nakuahidi, hata jani moja sitauza."

Mpimaji akamwachia magunia ya kutilia mchicha huo hadi ofisi ije iuchukue.

Chiriku alijua maji yale yalikotoka. Alitimua mbio hadi karakana ya mjomba wake, fundi wa betri za magari, zile zenye risasi ndani.

"Mjomba, maji ya betri unayamwaga wapi?"

"Mtaroni. Ulitaka nikumwagie kichwani?" Mjomba alicheka.

"Unacheka? Yanaingia kwenye mchicha wa mama! Na mkeo mjamzito anaula kila siku!"

Kicheko kilikatika. Mjomba aliweka chini betri aliyoshika. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Siku hiyohiyo mjomba aliziba bomba lililoelekea mtaroni, akaweka pipa la kuhifadhia maji hayo hadi watu wa afya wayachukue. Kisha akampeleka mkewe kupimwa.

Jioni alikuja mpishi wa shule. "Nauchukua wote, nalipa sasa hivi."

Chiriku alitazama viatu vyake vilivyotoboka. Mchicha ule ndio ulikuwa umnunulie vipya.

"Hauuzwi," mama alisema. "Una sumu."

"Sumu gani, na umenawiri hivi? Sema tu unaringa!"

"Hata kuku siwapi." Mama aliinama, akaanza kuung'oa na kuujaza guniani.

Mpishi alisonya, akaenda zake. Chiriku naye aling'oa, machozi yakimtiririka.

"Nina hasira, mama!"

"Hata mimi, mwanangu. Tutalima kwingine, kwa maji ya kisima. Lakini chakula nisichoweza kukulisha wewe, siwezi kumlisha mtoto wa mwenzangu. Haya, shika gunia."

Wakahamia tuta la pili.