Kifuko cha Makaa Kilichobaki kwenye Chujio

Kila alasiri akirudi shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, kisha akawalisha samaki. Jina hilo la utani alipewa na Bibi, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Tangi la kioo lilikaa juu ya kabati la sebuleni, mbele ya kiti cha Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa imemgomea, na wale samaki watano wa rangi ya chungwa ndio waliokuwa matembezi yake.

"Mjukuu wangu, hebu tazama," Bibi alimwambia siku moja. "Au ni macho yangu ya kizee?"

Hayakuwa macho. Samaki walikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Mama alikwenda kwa muuzaji wa samaki wa mapambo, akarudi na chupa ya dawa ya buluu.

"Kabla sijaitia, toa kile kifuko cha makaa kwenye chujio la tangi," alimwambia Chiriku. "Makaa yale hunyonya rangi na harufu ili maji yatakate. Yakibaki mle, yatainyonya na dawa."

Chiriku alifungua chujio. Kifuko kilikuwa chini kabisa, kina utelezi wa kijani, kinanuka. Nje, rafiki zake walikuwa wakimwita wakaruke kamba. Akarudisha kifuniko.

"Umekitoa?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeshakitoa, Mama."

Dawa ikatiwa, maji yakawa buluu. Asubuhi yalikuwa maangavu, kama hayakuguswa. Mama akatia tena, yakawa vilevile. Kisha samaki mmoja akafa. Chai ya Bibi ilipoa mezani bila kuguswa.

"Yule mtu katuuzia maji ya rangi," Mama alisema. "Twende, Chiriku."

Dukani kulikuwa na wateja. Muuzaji, mwanamke mpole mwenye aproni iliyolowa, alimsikiliza Mama mpaka mwisho.

"Dada, makaa mliyatoa?"

"Binti yangu aliyatoa kwa mkono wake," Mama alijibu. "Huyu anasema sana, lakini uongo hasemi."

Muuzaji akamtazama Chiriku. Chiriku akatazama sakafu. Mteja mmoja akairudisha rafuni chupa ya dawa aliyokuwa ameishika, akatoka. Muuzaji akampa Mama chupa nyingine bila kubishana.

Jioni walisali kabla ya kula, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Mama alimwombea muuzaji, Mungu amlainishe moyo aache kudhulumu watu. Bibi akaitikia amina. Chiriku alifungua mdomo aitikie, akashindwa.

"Mama, usimwombee hivyo," alisema, machozi yakimtiririka. "Makaa yamo. Sikuyatoa."

Mama hakumpigia kelele. Alizamisha mkono kwenye chujio, akakitoa kifuko kikichuruzika maji.

"Nami nimemtukana mtu mbele za watu," alisema polepole.

Kesho yake walirudi dukani. Mama aliomba radhi, kisha akamsogeza Chiriku mbele. Fundi baiskeli wa jirani alikuwa pale ananunua chakula cha samaki.

"Dawa ilikuwa nzuri," Chiriku alimwambia muuzaji. "Mimi ndiye niliyeacha makaa ndani. Halafu nikanyamaza ulipokuwa unalaumiwa. Nisamehe."

"Kumbe yaliyotibiwa ni makaa," fundi akasema, na wateja wengine wakacheka. Chiriku hakucheka.

Muuzaji akamshika bega. "Nimekusikia, mwanangu. Yule mteja wa jana sijui kama atarudi, lakini mimi nimekusamehe."

Safari hii Mama alipotia dawa, maji yalibaki buluu. Vidoa vilipungua hadi vikaisha, na samaki wanne wakaanza tena kugombania chakula.

"Mama, bado umenikasirikia?" Chiriku aliuliza.

"Uvivu wako ulituulia samaki, na hilo linauma," Mama alijibu. "Lakini ukimya wako ulikaribia kuua jina la mtu, na jina haliuzwi dukani. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa kosa lako. Mungu husamehe, ila wewe ndiwe wa kufungua mdomo."

Kisha akampa kifuko cha makaa mapya ya kunyonya dawa iliyobaki. Chiriku akakunja mkono wa gauni, akakizamisha kifuko mpaka chini kabisa kwenye chujio.