Bomba Lililopumua Mgange

Maji ya Mgange, kijiji cha juu milimani, ukiyanywa mwezi wa saba, meno yanauma mpaka kwenye fizi. Kila aliyewahi kupanda huko analijua hilo. Basi asubuhi Dinah alipofungua mfereji wa jikoni, akakinga mkono, akapokea maji ya vuguvugu, alijua pana jambo. Akanusa kiganja. Kilinuka chumba cha mgonjwa. Akajifuta kwenye leso, akajiambia labda ni jua limepasha bomba, na jua lenyewe hawakuwa wameliona wiki nzima kwa ule ukungu.

Mwaka huo wa hamsini na nne, nyumba yenye mfereji ndani ilikuwa moja tu kijijini, ya mumewe, Obadiah. Alifanya kazi ya mabomba kule Voi kwenye reli, akarudi na akiba, akarudi na kiburi pia. Alilaza bomba kutoka chemchemi ya Fighi, msitu wa wazee usiookotwa hata ukuni, mpaka jikoni kwake. Mama yake, Mkamburi, hakumkatalia maji. Alimwambia hivi: "Mwanangu, mimi na wewe tumegombana juu ya chemchemi hii. Ngoja kwanza nitase."

Na kutasa ni jambo dogo, jamani. Mwenye hasira anachukua funda la maji ya muwa, anasema yaliyo moyoni, anayapuliza chini, na hasira inatoka nayo. Nyumba yenye kinyongo haigusi maji ya Fighi kabla ya hapo. Obadiah alicheka. "Mama, mimi ni mtu wa kanisa," akasema, akafungulia maji bila kungoja. Sijui ni kanisa gani lililomfundisha kumcheka mamake.

Maji yakazidi kupata joto siku baada ya siku. Dinah akaanza kusikia mfereji ukivuta pumzi, taratibu, na kila ukivuta, mtoto wao Gilbert, wa miezi mitatu, aligeuza kichwa kuutazama. Mikono yake ilikuwa baridi hata akifunikwa mablanketi mawili. Obadiah alisema ni hewa imeingia bombani. Hata hivyo alimwita Badawy, fundi mwenzake wa Voi, mtoto wa watu wa pwani, naye akapanda na lori lililokuja kuchukua mboga.

Badawy alikuwa hajamaliza hata chai, sakafu ikapasuka. Maji yaliruka mpaka kwenye dari, yananuka.

"Koki kuu iko wapi?" akauliza.

"Juu, chemchemini," Obadiah akajibu, tayari anakimbia.

Alirudi anahema, magoti yamechubuka. Koki ameifunga. Amekaza mpaka spana ikateleza. Maji yalikuwa yanaendelea kutoka.

Badawy akapiga magoti majini. Alichimbua simenti iliyovunjika, akaufikia ufa wa bomba, akauzungushia mpira wa baiskeli, akakaza kwa waya. Maji yakakatika, na Obadiah akashusha pumzi.

"Gilbert hapumui," Dinah akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto alikuwa amefumbua macho na kinywa, na hakuna kilichoingia wala kutoka. Badawy akakata waya. Maji yakafoka, mtoto akapumua. Wakajaribu tena kwa kizibo cha mti, ikawa vile vile. Dinah akamkumbatia akakimbilia mlangoni, lakini alipofika kizingitini maji yakamtoka mtoto puani, akarudi nyuma, akabaki amesimama katikati ya jikoni, maji yamempita vifundo vya miguu na yanapanda, na kila yalivyopanda yalizidi moto, na kila yalivyozidi moto mtoto alizidi kuwa baridi mikononi mwake, mpaka akaelewa kwamba joto lile lote walilokuwa wakinawia na kupikia tangu mwanzo wa wiki lilikuwa la mwanawe.

"Bwana Obadiah," Badawy akanong'ona, "hili si bomba tena."

Akasoma Ayatul Kursi. Bomba likanyamaza kumsikiliza. Alipomaliza, likacheka, na kicheko kilikuwa cha Obadiah, kile kile alichomcheka mamake. Obadiah akaziba masikio.

Mkamburi aliingia ameinua shuka yake. Alimgusa mjukuu wake shavuni. "Leteni muwa."

"Mama, hakuna muwa hapa," Obadiah akasema. "Mpaka shambani kwa jirani, kwa Philemon."

"Mtoto hatadumu mpaka mrudi."

Akainama, akateka maji ya sakafuni kwa kiganja.

"Bi mkubwa, tafadhali," Badawy akasema. "Hayo si ya kutia kinywani."

"Hasira ni yangu, fundi. Imepita kwa mwanangu, ikafika kwa mjukuu wangu. Iache irudi kwa mwenyewe." Akayatazama maji. "Nilikasirika. Nilisema moyoni, maji haya na yamtokee puani. Neno hilo nalisema sasa mbele yenu, naliacha."

Akatia funda kinywani. Wote wakangoja apulize. Aliangalia chini mahali pale ambapo maji yangeangukia, kwenye yale maji mengine yaliyojaa jikoni, yaliyofika magotini mwa Dinah; hasira akiipuliza humo ingemrudia mtoto. Akamwangalia mtoto. Kisha akameza.

Bomba likakauka, na maji ya jikoni yakazama kwenye ufa wa sakafu. Gilbert akalia, kilio cha mtoto mwenye njaa, na Dinah akalia naye. Obadiah alipiga magoti kwenye matope akamshika mamake miguu, akamwomba msamaha, akaomba tena. Mama akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa wa moto.

"Nipe mjukuu wangu nimpakate," Mkamburi akamwambia Dinah.

Sauti ilikuwa yake. Lakini baada ya maneno, chini ya mbavu zake, kila aliyekuwa mle ndani alisikia pumzi ikivutwa, taratibu. Gilbert akanyamaza, akageuza kichwa kumtazama nyanyake.

Dinah alijua ni nani aliyemwokolea mwanawe. Alijua, na bado alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkamburi alibaki amenyoosha mikono mpaka ikachoka, kisha akaishusha.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Usinipe. Hata kesho nikija kukuomba kwa machozi, usinipe."