Ukuta Unaotoa Jasho

"Weka brashi chini, Baba Kidoti. Nimesema weka chini!"

"Nimalizie kona hii tu."

"Kona hiyo uliimalizia mwezi uliopita. Na mwezi juzi. Ukuta unatoa jasho kama mbeba mizigo, na wewe kazi yako kuupaka poda!"

Fundi rangi hakugeuka. Alikuwa amesimama juu ya kiti, akifunika madoa meusi ya ukungu yaliyotambaa kutoka darini hadi nyuma ya kitanda. Rangi yake nyeupe pee, laini kama maziwa. Mtaa mzima ulimjua kwa mkono wake ule. Lakini chumba chake mwenyewe kilinuka kama gunia lililolowa. Vioo vya dirisha vilitiririka maji kwa ndani, na gauni la mkewe la kutokea lilikuwa limeota kuvu kabatini kabla hajalivaa mara ya pili.

Kitandani, Kidoti akakohoa. Hata kutambaa alikuwa bado hajajua vizuri, lakini kukohoa alijua kama mzee. Mama yake akamnyanyua, akamweka begani.

"Unamsikia mwanao? Nesi kaniuliza mbele za watu, 'Mama, kwenu kuna unyevu?' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Unyevu unauleta wewe," fundi akaiambia brashi yake. "Maji unachemshia humu. Nepi unaanika humu. Ukuta utaacha kulia?"

"Nianike wapi? Si nguo ziliibwa kambani, wewe mwenyewe ukasema nisianike tena nje?"

"Basi ndiyo hivyo."

"Siyo basi! Kila siku mimi. Mara sufuria zangu, mara nepi zangu. Kesho utaniambia ni pumzi zangu!"

Fundi akachovya brashi, akaendelea kupaka. Hilo lilimchoma mkewe kuliko maneno.

"Hodi!" Mama Mwenye Nyumba aliita akiwa ameshaingia, kama kawaida yake. Mama Kidoti ndiye aliyempigia simu asubuhi, aje aone paa linavyovuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshazunguka nyuma. Paa zima, ukuta wa nje mkavu kama kuni. Hakuna kinachovuja hapa." Akainua macho juu ya dirisha, akakunja uso. "Matundu yangu ya hewa yako wapi?"

"Matundu gani, mama?"

"Hapo, juu ya dirisha. Nilimsimamia fundi mimi mwenyewe akiyajenga. Yameenda wapi, yameolewa?"

Mama Kidoti akatazama. Ukuta ulikuwa umenyooka, hauna hata alama. Ndipo akakumbuka: alipokuwa na mimba, upepo wa baridi ulikuwa ukipita palepale, naye akilalamika kila alfajiri. Aliporudi kutoka kujifungua, chumba kilikuwa na joto zuri, na mtoto ndiye aliyemjaza macho. Hakuwahi kuuliza upepo ulikwenda wapi.

Na ni mkono mmoja tu uliojua kuficha tundu namna ile.

"Baba Kidoti, uliziba wewe?"

Fundi akashuka kitini. "Nilitaka mtoto akute joto. Nikajaza saruji, nikalainisha, nikapaka."

"Na ulijua lini kwamba kuziba huko ndiko kunakotuozesha humu?"

"Madoa yalipoanza, nilishuku."

"Ulishuku! Ukaniacha nilaumu nepi za mwanangu?"

"Ningewaambia nini watu? Fundi mzima, nimeharibu chumba changu mwenyewe?"

Mama Mwenye Nyumba akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha ukungu. "Mimi naenda zangu. Mkimaliza, matundu yangu nayataka."

Mama Kidoti alikuwa ameshashika begi.

"Mke wangu, ukungu tu huu."

"Siondoki kwa sababu ya ukungu. Naondoka kwa sababu ulijua."

*

Dada yake Mama Kidoti, aliyewapokea, alikuwa fundi cherehani, mdomo wake ukienda kasi kuliko sindano.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema huku akikanyaga cherehani. "Huyu shemeji yangu kaziba, na ukuta kauua!"

"Dada, niache."

"Nikuache vipi? Mwanaume anakosea, anaziba. Anaulizwa, anapaka. Ndoa nzima ataipiga rangi huyo."

Simu ikalia. Ujumbe: "Mmefika salama?"

"Tumefika."

"Kidoti anakohoa?"

"Kidogo."

"Rudini, tafadhali. Nimekosa."

Huo hakuujibu. Wala uliofuata.

Kwa dada madirisha yalikaa wazi, na kikohozi cha Kidoti kikaanza kupungua. Mama yake alikuwa akimtazama anavyolala amefumba mdomo, anashukuru, halafu hasira inampanda upya. Kumbe ilikuwa rahisi hivi! Miezi yote ile kumbe ni hewa tu!

Lakini hasira nayo huchoka ikikaa bila mwenzake. Jioni moja akajikuta anaandika: "Kesho tunarudi."

Jibu likaja upesi: "Usirudi bado."

Dada akampokonya simu. "Usirudi bado? Mdogo wangu, mume aliyekuwa anakulilia urudi, leo anakwambia usirudi! Huko kuna mtu."

"Dada!"

"Piga simu. Piga nisikie."

Asubuhi akapiga. Simu ikapokelewa, na kabla mumewe hajasema neno, sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake: "Godoro ligeuze, upande huu bado!"

"Nani huyo?" Mama Kidoti akauliza.

"Nitakueleza, mikono yangu..." Simu ikakatika.

"Nishikie Kidoti," akamwambia dada. Hata kanga hakuifunga sawasawa.

Njia nzima alikuwa akipanga matusi. Alipofika uani, yakamwishia mdomoni. Kitanda chake kilikuwa nje, juani. Godoro limeegemezwa ukutani. Na juu ya kitanda, miguu ikining'inia, aliketi Mama Mwenye Nyumba akila karanga.

"Afadhali umekuja. Mumeo nisipomsimamia haendi."

Ndani, fundi alikuwa amejifunga kitambaa puani, akisugua kwa brashi ngumu. Rangi yote ilikuwa imekwanguliwa, ukuta uko uchi, wenye makovu, mbaya kuutazama. Juu ya dirisha matundu yalikuwa wazi, na mwanga ukipita.

"Kwa nini uliniambia nisirudi?"

Akashtuka, akashusha kitambaa. "Ukuta haujakauka. Ningeweza kuupaka jana, ukaja ukaukuta umependeza. Nikasema hapana. Mtoto haingii humu mpaka ukauke kweli."

"Si ungeandika hivyo?"

"Niliandika. Ujumbe ukawa mrefu, nikaufuta."

"Unafuta kila kitu, wewe!"

Akainamisha kichwa. "Mafundi wenzangu nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba niliziba mwenyewe, halafu nikakusingizia wewe. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Sasa wananiita Fundi Ziba."

Mama Kidoti akauma midomo. Kicheko kikamponyoka puani.

"Sijacheka," akasema haraka. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Nepi zitaanikwa nje, na kamba utailinda wewe. Sufuria nitafunika, dirisha litafunguliwa asubuhi, iwe baridi, isiwe baridi. Na siku nyingine ukikosea, Fundi Ziba, kosea mbele yangu. Nikasirike mara moja, yaishe. Umenichosha na hasira za rejareja."

"Nimesikia, mke wangu."

Alitaka kumshika, akaitazama mikono yake iliyojaa uchafu, akairudisha nyuma. Mama Kidoti akaivuta mwenyewe. Wakasimama hivyo, upepo wa baridi ukiwapita vichwani.

Kisha akafunga kanga vizuri, akaokota brashi ya pili, akaingia kona ya kabati.

"Mbona kimya huko ndani?" Mama Mwenye Nyumba akapaza sauti. "Mnasugua au mnapatana?"

"Vyote viwili, mama!"