Beno Arudi Kwenye Baiskeli

Digna wa mtaa wa Lumemo alikuwa mpishi hodari, na mwenyewe alijua. Wali wake ulinukia mpaka barabarani. Samaki alimkaanga kwanza, kisha akamuunga kwa mafuta mengine. Mumewe Beno akimaliza sahani, Digna alimwongezea upawa mmoja bila kuuliza. Beno hakukataa. Mke anayekupenda utamkatalia vipi?

Zamani Beno alikuwa mkulima wa mpunga Katindiuka, pembeni mwa mji wa Ifakara. Kila msimu alihamia shamba pamoja na mama yake, Bibi Sikitu, na kaka yake Anselim. Walilima kwa jembe la mkono, wakapalilia, wakavuna. Safari zao zote zilikuwa za baiskeli. Kisha Beno akapata mashine ya kukoboa mpunga mjini, na mambo yakamnyookea. Sasa kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuangalia mizani. Vijana walibeba magunia. Wateja walimletea soda, naye alikunywa ili asiwavunje moyo. Baiskeli aliitundika ukutani stoo, akanunua pikipiki. Kutoka nyumbani hadi mashineni mtu angeweza kuitwa akaitika, lakini Beno alikwenda kwa pikipiki.

Mwili ukaongezeka. Suruali zilibana, fundi akazipanua, zikabana tena. Watu walimsifu wakasema fedha imemkubali. Aliyefurahi kuliko wote ni Bibi Sikitu. Kila baada ya mavuno alikuja mjini na mchele mpya. Kabla hajaketi, alimshika mwanawe mkono wa juu, akauminya kama anayechagua kuku sokoni. Kisha alimgeukia mkwewe na kusema maneno yaleyale ya kila mwaka.

"Digna, umenitunzia mwanangu."

Kwa maneno hayo Digna alitembea kifua mbele mpaka msimu mwingine.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ndege waharibifu walikuja wengi mno. Mpunga ulikuwa unaanza kukomaa. Bibi Sikitu akawaita wanawe wote wawili wakaamie ndege, wasiumalize mpunga. Kazi hiyo hufanywa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti kinachosimama katikati ya shamba. Anselim, ambaye ndiye mkubwa, alipanda huku akiimba. Beno akafuata. Kipandio cha kwanza kililia. Cha pili kikakatika. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini alipojaribu tena, pumzi zilimwishia. Kichwa kilimgonga, macho yakaona giza. Akakaa kwenye matope asiweze kuinuka.

Hapo kicheko kilikwisha. Anselim alimpandisha kwenye keria ya baiskeli yake, akamkanyagia mpaka mjini. Mkubwa alitoka jasho, mdogo akabebwa. Bibi Sikitu alibaki shambani akisema ni macho ya watu. Mwanawe amependeza mno, wamemhusudu.

Hospitalini walimpima Beno, wakakuta presha yake iko juu sana. Walimpa dawa, wakamruhusu arudi nyumbani. Jioni alikuja jirani yao Eveline, ambaye ni muuguzi, kuwajulia hali. Alimkuta Digna ameshaweka mezani sinia la wali, maana mgonjwa ni lazima ale. Eveline alilitazama lile sinia, akavuta kigoda.

"Shemeji, huu mwili unaufurahia?" akauliza.

"Sisi kwetu ni watu wa miili," Beno akajibu. "Ni mambo ya ukoo."

"Na Anselim ni wa ukoo gani?"

Digna akasema kwamba hilo hata yeye halielewi. Anselim na Beno wamezaliwa tumbo moja. Wote wanakula wali, tena Anselim akifika pale hula kuliko mwenye nyumba. Mbona yeye ni mwembamba?

"Anaula na kuutolea jasho," Eveline akasema. "Analima, anabeba, anakanyaga baiskeli. Chakula anachokula kinatumika. Cha Beno kinakaa, na kikikaa kinageuka mafuta."

Akaeleza zaidi. Aliwahi kufanya kazi Mlimba. Kule, watu wa mashambani wenye unene wa kupita kiasi walikuwa wachache. Waliokaa dukani kutwa walikuwa wanene kidogo. Alipohamia Ifakara mjini akakuta wanene wengi zaidi. Na akienda Dar es Salaam kwa dada yake, anaona wamezidi hata hapa. Watu hao si wa damu tofauti. Wengi wametoka vijijini hukohuko. Walichobadilisha ni maisha. Mjini wanakaa sana, wanapanda magari, wanakula vya kukaanga, wanakunywa vya sukari. Mboga za majani wanaziona ni za maskini.

"Unene wa namna hii huchosha moyo," akasema. "Huleta presha. Huleta kisukari. Leo umeanguka kwenye matope, shemeji. Siku nyingine unaweza kuanguka usiinuke, au ukapooza upande mmoja."

Digna alilitazama sinia lake. Alihisi kama amelishikilia kaburi la mumewe kwa mikono miwili. "Kumbe ni mimi," akasema polepole.

"Wewe umempenda kwa namna uliyoijua," Eveline akamjibu. "Sasa mpende kwa namna nyingine."

Lakini Beno alikuwa na hofu yake, na ndiyo iliyokuwa kubwa. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umeingia bondeni kwao. Mtu akipungua kidogo tu, majirani walinong'ona.

"Nikikonda, watu watasema nina ule ugonjwa," akasema. "Wateja watanikimbia. Na mama je? Mama atakufa kwa mawazo."

Eveline hakumcheka. Alisema afya ya mtu haijulikani kwa kumtazama. Mnene anaweza kuwa mgonjwa, na mwembamba akawa mzima. Tena, hata mwenye UKIMWI ni wa kupendwa, si wa kukimbiwa. "Presha nayo haingoji watu wamalize kusema," akaongeza. "Chagua, shemeji. Maneno ya watu, au kumlea binti yako Paulina."

Beno alichagua. Asubuhi iliyofuata aliishusha baiskeli ukutani, akaifuta vumbi, akaijaza upepo. Mwanzoni alishuka njiani akaikokota. Watoto walimpigia makofi. Polepole akafika mbali, kisha mbali zaidi. Mashineni aliwaambia wateja kwamba soda sasa imemshinda, wamletee maji. Akaanza kusaidia kubeba magunia. Dawa zake alizimeza kila siku kama alivyoagizwa, na presha akaenda kupimwa. Mama yake hakuambiwa, asije akaingiwa na mawazo.

Kwa Digna ilikuwa ngumu zaidi. Mkono wake ulizoea kupakua kwa mapenzi. Aliutoa upawa kwenye sufuria, akausimamisha hewani, akaurudisha. Siku nyingine machozi yalimlenga. Nusu ya sahani sasa ilikuwa matembele au bamia. Wali ulikuwa robo. Samaki alichemshwa kwa nyanya na kitunguu, na chumvi ilipungua. Beno alinuna wiki nzima. Kisha siku moja akaomba matembele zaidi, na Digna akaingia jikoni kucheka peke yake.

Kufikia mavuno Beno alikuwa amepungua. Na maneno yakaja, kama alivyoogopa. Bombani wanawake walinyamaza Digna akifika. Jirani mmoja alileta mayai, akasema pole kwa sauti ya msibani, akaondoka haraka. Digna aliyapokea mayai, akafunga mlango, akalia. Lakini jioni alipakua kama jana.

Maneno hayana kwao. Yalifika hadi Katindiuka. Bibi Sikitu alipoyasikia hakungoja mavuno yaishe. Alikuja mjini na furushi la mchele kichwani. Digna alimwamkia shikamoo, asiitikiwe. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akaushika mkono wa juu. Akauminya. Vidole vyake vilikutana na mfupa mapema kuliko alivyozoea.

"Umemfanya nini mwanangu?" akamuuliza Digna. "Nilikukabidhi mtu. Huyu ni nani?"

Miaka yote ya kusifiwa iliondoka kwa swali moja.

Beno hakubishana na mama yake. Alitoka nje, akaleta baiskeli, akakunja kanga na kuiweka juu ya keria.

"Mama, panda," akasema. "Nakurudisha shamba."

Bibi alipanda kwa hasira. Alimshika mwanawe kiunoni ili asianguke, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mikono yake ilikutana mbele. Beno akakanyaga. Wakapita mashineni, wakapita bombani, na wale wanawake wakaona. Barabara ya Katindiuka ilikuwa na mashimo na tope, lakini hakushuka. Kisha Bibi akaulaza mkono mmoja kwenye mgongo wa mwanawe. Alikuwa anangoja ile pumzi ya siku ya dungu. Haikuja. Moyo ulipiga taratibu.

Walipofika, Anselim alikuwa juu ya dungu akilinda mpunga uliobaki. Beno aliegemeza baiskeli, akapanda vipandio vyote, akaketi kando ya kaka yake. Kutoka kule juu akamwambia mama yake kila kitu: presha, sinia, Eveline, na Digna alivyolia akipakua kidogo.

Bibi Sikitu alisikiliza mpaka mwisho. Anselim alimkaribisha uji, akakataa. Akaenda kusimama kando ya baiskeli.

"Shuka," akamwambia Beno. "Nirudishe mjini."

"Mama, pumzika kwanza. Salamu zako nitamfikishia mimi."

"Nilimtukana kwa mdomo wangu. Haya si ya kutumwa."

Beno akacheka, akashuka, akakanyaga tena njia ileile. Jioni Digna alisikia kengele ya baiskeli mlangoni, akaogopa. Bibi Sikitu aliingia bila hodi. Safari hii hakumshika mwanawe. Alimshika Digna, mikono yote miwili.

"Umenitunzia mwanangu," akasema. Kisha akavuta kigoda na kuomba naye apakuliwe matembele.