Picha ya Saa Nne na Dakika Kumi

Kidawa alifariki Jumanne, saa sita kasoro dakika tano mchana, akiwa na mimba ya miezi minane. Alifia kwenye kitanda cha zahanati ndogo pembezoni mwa Kurui, wilayani Kisarawe, akisubiri majibu ya picha. Muuguzi Marselina alikuwa amempiga picha ya ultrasaundi saa nne na dakika kumi, akaituma Hospitali ya Mpingoni, Kibaha, ambako Daktari Fabian ndiye aliyekuwa akisoma picha za zahanati zote zilizo chini ya hospitali hiyo. Majibu hayakuja. Damu ilikuja.

Kufikia Jumatano asubuhi watu wawili walikuwa matatani. Marselina alipewa barua ya kusimamishwa kazi, kwa madai kwamba hakutuma picha. Ngolo, mfugaji aliyehamia huko kutoka Shinyanga, alikuwa mahabusu: ng'ombe wake walionekana wakijikuna kwenye mnara wa mtandao wa zahanati, akashukiwa kuuharibu.

Mganga mkuu wa Mpingoni, Daktari Nuria, alimwita Elina Shija, fundi wa mitandao mwenye ofisi yake Maili Moja, hapo Kibaha.

"Picha ikisafiri inakatwa vipande, si ndiyo?"

"Tunaviita pakiti. Vikipotea vingi njiani, picha haifunguki."

"Basi nataka kujua vinapotelea wapi. Na kama kuna mtu, nataka jina lake."

Elina alifika Kurui saa nane mchana. Marselina alikuwa ameketi nje ya zahanati, barua bado mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilituma mara nne. Nilimpigia daktari mara tatu."

"Alisemaje?"

"'Mtandao huo, sista. Haijafunguka, tuma tena.' Mara ya tatu hata sikumsikia vizuri. Nyuma yake kipaza sauti kilikuwa kinaita: mgonjwa namba kumi na saba, chumba cha tatu."

"Ulimwambia damu inatoka?"

"Nilimwambia! Akasema nisimsafirishe kabla hajaona picha, barabara yetu itamuua." Marselina alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nikatii."

Elina alikagua waya, soketi na mnara. Kisha akatuma pakiti elfu moja za majaribio hadi Kibaha. Zote elfu moja zikarudi. Jumatano ile mtandao ulikuwa mzima kabisa.

Alilala Kurui. Alhamisi saa tatu asubuhi alijaribu tena: hakuna iliyopotea. Saa tatu na dakika thelathini na moja alituma nyingine elfu, akainama kusoma kioo cha kompyuta. Mia sita na kumi na mbili hazikurudi.

Alitoka nje mbio. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Akaanza kupima hatua kwa hatua. Kutoka kompyuta hadi ruta ya zahanati, kisanduku kinachoelekeza mtandao: salama. Hadi mnarani: salama. Hadi kwenye ruta ya Mpingoni, Kibaha: salama. Pakiti zilikuwa zikivuka wilaya nzima bila kudhurika, halafu zinapotea ndani ya hospitali, zikibakiza hatua moja tu kufika kwenye mtambo wa kupokelea picha. Saa sita na nusu kamili upotevu ukakoma, kama uliokatwa kwa kisu.

Elina alimpigia Sajenti Magembe, mpelelezi wa kesi hiyo.

"Afande, mwachieni Mzee Ngolo. Ng'ombe hawajui kusoma saa."

Jioni hiyo alikuwa Kibaha, ameketi na Ambokile, mtaalamu wa kompyuta wa Mpingoni. Walifungua mipangilio ya ruta. Katikati ya orodha ndefu palikuwa na amri moja: kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu na nusu hadi saa sita na nusu, tupa pakiti sita katika kila kumi zinazokwenda kwenye mtambo wa picha. Iliwekwa tarehe tisa Machi, saa nane mchana. Jina la mtumiaji: Ambokile.

Ambokile alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Si mimi! Dada Elina, tarehe tisa nilikuwa Tukuyu, namzika baba yangu. Barua ya ruhusa ipo utawala."

Ilikuwepo kweli, na tarehe zililingana.

"Nani mwingine anajua nywila yako?"

Kijana alitazama sakafu. "Daktari Fabian. Alisema anataka kuzipa picha zake kipaumbele. Mtu mzima yule, ningemkatalia vipi?"

Daktari Fabian alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ukumbini, muuguzi alikuwa anaita wagonjwa kwa majina, kwa mdomo. Mpingoni hapakuwa na kipaza sauti. Wala hawakuitana kwa namba.

Elina akashuka getini, akaomba daftari la magari.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi walikutana ofisini kwa Daktari Nuria. Sajenti Magembe alisimama mlangoni. Daktari Fabian aliketi akiwa amekunja mikono.

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?" Elina aliuliza.

"Chumbani kwangu, nasubiri picha ambayo haikutumwa."

"Daftari la getini linasema gari lako lilitoka saa tatu na dakika ishirini. Likarudi saa saba kasoro robo. Hivyo hivyo kila Jumanne na Alhamisi tangu Machi."

"Walinzi wale wanaandika lolote."

"Na kipaza sauti kilichoita mgonjwa namba kumi na saba wakati unaongea na Sista Marselina? Kiko wapi hapa Mpingoni?"

Daktari Nuria alimgeukia mwenzake taratibu. "Fabian?"

Mikono ilikunjuka. Magembe akasogea hatua moja.

"Hospitali moja Dar," alisema. "Waliniahidi ukuu wa idara. Kwanza nifanye majaribio, siku mbili kwa wiki. Picha za hapa nilikuwa nazisoma nikisharudi. Wengi wanakuja kujua mtoto amelalaje tu."

"Kwa nini hukuuzima mtandao kabisa?" Elina aliuliza.

"Ukizima, wanaita fundi siku hiyo hiyo. Ukiudhoofisha, kila mtu analaumu mtandao."

"Ukamwambia asimsafirishe!" Nuria alipaza sauti.

"Angefika hapa, angenikuta sipo."

Magembe, aliyekwisha kusikia mengi katika kazi yake, alivua kofia.

Elina alifuta ile amri kwenye ruta. Kisha akampigia Marselina, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemwomba awashe mashine ya zahanati na kusubiri.

"Mama, tuma ile ya Kidawa."

Picha ikafunguka kwenye kompyuta ya Daktari Nuria, nzima, angavu. Mganga mkuu aliinama akaitazama, na maneno yakamtoka kwa mazoea kabla hajajizuia:

"Kondo la nyuma limeziba njia yote. Aletwe upasuaji sasa hivi."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Imefika?" sauti ya Marselina iliuliza simuni.

"Imefika, mama."

"Imechukua muda gani?"

Elina alitazama namba pembeni ya kioo. Alitamani asingeulizwa.

"Sekunde nne."

Upande wa pili, kiti kiliburuzwa sakafuni. Halafu Marselina akaanza kulia.